Kigingi cha Mutamaiyu

Nina bucha mbili Karatina na nyingine Kiriaini, na nyama ya mbuzi siili. Wateja hucheka. Husema, huyu mzee anajua anachotuuzia. Mimi huwaacha wacheke, kwa maana mtu mwenye malori matatu na nyumba ya ghorofa pale Skuta hana haja ya kujieleza kwa kila anayekuja kununua nusu kilo. Lakini ninyi wa rika langu, mliosoma wanne kwa kitabu kimoja na kutembea kwenda shule miguu mitupu juu ya umande ulioganda, ninyi nitawaeleza.

Majuzi nilikuwa nyumbani kwa baba, kule juu karibu na msitu, nikisimamia vijana wachimbe shimo la tangi la maji. Baba tulikwisha kumzika. Nyumba yake ya mbao niliibomoa, mahali pake nikasimamisha ya mawe ambayo wapita njia husimama kuitazama. Basi kijana mmoja akapiga sururu chini, ikalia kama imegonga chuma. Akapiga tena, ikalia tena. Akainama akapangusa udongo.

"Mzee, hapa kuna mti umesimama. Tuung'oe?"

Nilikitambua hata kabla hajamaliza kupangusa. Kilikuwa kigingi cha mutamaiyu, kimekuwa cheusi tititi, kichwa chake kimechanuka kwa mapigo ya nyundo. Mutamaiyu, ule mzeituni wa msituni, hauozi. Baba alikipigilia pale nikiwa darasa la nne, na darasa la nne ndilo la mwisho nililokalia dawati. Hilo silifichi. Wenye digrii huja ofisini kwangu na bahasha zao kuomba kazi, na mimi huwauliza jambo moja tu, kama wanaweza kuamka mapema.

Baba yangu, Kariuki, alikuwa boi. Alifanya kazi katika nyumba kubwa ya mzungu mmoja mwenye kahawa na ng'ombe wa maziwa, upande ule wa Nyeri ambako mlima unaonekana asubuhi tu kisha unajifunika. Kazi yake ilikuwa mezani: kupakua chakula, kumimina chai, kuondoa sahani bila kuzigonganisha. Alivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu. Mama aliitia kanzu hiyo wanga mpaka ikawa inalia baba akitembea, akaipiga pasi ya makaa huku akinyunyiza maji kwa mdomo. Harufu ya wanga uliochemka ikichanganyika na moshi wa makaa, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Hata leo nikipita karibu na dobi nageuka kuangalia kama baba ananijia.

Kwenye meza ya mzungu palikuwa na kengele ndogo ya shaba. Ililia, halafu ikafuata sauti: "Boi!" Na baba akaenda mbio, mbio zake zile ambazo hazikuonekana kuwa mbio.

Mimi nilidhani ni cheo. Baba wa Maina alikuwa nyapara, baba wa Gathogo alikuwa dereva wa trakta, na baba yangu alikuwa Boi. Tena niliona cheo chake kimewapita wote, kwa sababu nyapara alisimama nje ya mlango wa jikoni na kofia mkononi, lakini Boi aliingia mpaka ndani kabisa, akatembea juu ya zulia. Mzungu akitaka kitu hamwiti nyapara, anamwita Boi. Nikajigamba. Kujigamba nilianza mapema.

Tulipocheza kando ya mto nilikataa kuwa mzungu.

"Wewe Maina kuwa mzungu. Mimi ni Boi."

"Ati Boi? Boi anakula nini?"

"Anakula pudin."

"Pudin ni nini?"

"Ona sasa. Hata hujui pudin, na unataka kubishana na mimi."

Siku ya kuandikishwa shule mwalimu aliniuliza jina la baba. Nikasimama wima, kidevu juu, nikasema, "Boi Kariuki." Mwalimu Elijah alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mimi nikajua amefurahi kusikia natoka kwa nani.

Ukweli niliupata darasa la tatu. Mwalimu alichora ubaoni mtoto mwenye kaptura na mpira, akasema kwa Kiingereza kwamba huyo ni boi. Tukaimba wote, boi, boi, boi, mpaka wa darasa la pili wakachungulia. Kisha akatufafanulia kwa lugha ya kwetu. Boi, akasema, ni kihii.

Ninyi mnajua uzito wa neno hilo, lakini watoto wetu wa siku hizi wanalitupa tupa ovyo, basi niliseme. Kihii ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Akishasimama kwenye maji ya baridi alfajiri ile, na kisu kikapita bila yeye kupepesa jicho, neno hilo linakufa kwake milele. Mwanamume akimwita mwenzake kihii, hata kwa mzaha, hata akiwa amelewa, anatoa mbuzi. Mbuzi analiwa na rika, na neno linafutwa. Asipotoa, linabaki limemkalia aliyeambiwa, na wanawake wanaweza kumcheka njiani akipita.

Siku hiyo sikucheza. Nilikwenda nyumbani nikamkuta baba kwenye kigoda, miguu ndani ya karai la maji ya moto, na mama anakoroga uji.

"Baba, mwalimu amesema boi ni kihii."

Mwiko wa mama ukasimama. "Nyamaza, wewe! Hayo ndiyo unatumwa kusoma?"

"Mwache," baba akasema. "Mwalimu amesema kweli."

"Na wewe unaitika?"

"Naitika."

"Mbona hujamtoza mbuzi?"

Baba akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha tumbo. "Mwanangu, ng'ombe akikukanyaga kidole utamtoza mbuzi? Unasogeza mguu. Yule mzungu hajui. Alizaliwa akakuta wote waliobeba sahani wanaitwa hivyo. Angejua, hapo tungeongea mengine."

Nikacheka na mimi. Mama hakucheka. Aliendelea kukoroga, na uji ule uliungua chini. Tuliunywa hivyo hivyo na ladha yake ya moshi.

Kisha bendera ikabadilika. Mzungu akauza shamba, akampa baba mkono na kofia kuukuu, akaenda zake. Aliyenunua hakuwa mgeni. Alikuwa Wahome, mtu wa ng'ambo ya mto wetu, aliyekuwa karani mjini Nyeri na akajua milango ya kubisha wakati wengine tulikuwa tunaimba barabarani. Wahome na baba walikuwa rika moja. Walitahiriwa alfajiri moja, mstari mmoja, baba akiwa mbele na Wahome nyuma yake. Huyu aliona kwa macho yake mwenyewe.

Alinunua nyumba pamoja na vyote vilivyokuwemo: meza ndefu, zulia, kengele, na kanzu. Siku ya kwanza alimshika baba bega. "Kariuki, mtu wa rika langu! Sasa tutakaa kama ndugu." Na kweli, miezi ya mwanzo alimwita kwa jina. Wakati mwingine alikuja jikoni wakaongea habari za mto na kucheka. Mama akaanza kuimba akipiga pasi.

Jumapili moja Wahome akatembelewa na wageni kutoka Nairobi, watu wa suti na wake zao wenye kofia. Niliitwa kumenya viazi jikoni, kwa hiyo mlango ukifunguka nilikuwa naona meza yote. Kengele ikalia. Baba akainua sinia ya glasi. Kabla hajafika mlangoni nikasikia sauti ya Wahome, ameibana puani kama ya yule mzungu.

"Boi! Leta maji ya barafu!"

Baba akasimama. Wageni wakaendelea kuongea.

"Boi! Husikii?"

Baba aliingia, akapiga magoti, akaweka sinia juu ya zulia, katikati ya chumba, polepole, hata glasi moja haikulia. Akafungua mshipi. Akavua kanzu, akaikunja vizuri kama mama anavyoikunja, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa wazi karibu na mgeni mmoja mwanamke. Akatoka na fulana yake iliyotoboka begani. Alipopita jikoni akasema, "Wanjohi, weka kisu. Twende."

Mama alituona tunakuja mchana kweupe akatupa jembe. "Baba Wanjohi! Umeugua?"

"Sijaugua. Nimetukanwa."

"Na nani?"

Akamwambia. Mama akakaa chini palepale kwenye tuta la viazi.

"Lakini umeitwa hivyo miaka yote. Tuna watoto wa shule. Si uvumilie tu?"

"Yule alikuwa hajui," baba akasema. "Huyu anajua."

Kisha akachukua panga akaingia msituni. Alirudi na tawi la mutamaiyu, akalichonga ncha, akalipigilia uani mbele ya mlango mpaka mikono yake ikatoa malengelenge. Nikamuuliza kigingi hicho ni cha nini. "Cha mbuzi," akasema. "Wahome akileta mbuzi, tusianze kuhangaika na pa kumfunga."

Nilijigamba shule nzima. Baba yangu analetewa mbuzi na tajiri! Maina akaniuliza kama atapata hata utumbo, nikamwambia nitafikiria.

Wazee wa kiama, wale wanaoamua kesi za kijiji, waliitisha kikao Jumamosi, na kwa kuwa mashtaka yalikuwa ya neno la Kiingereza, wakamwita pia Mwalimu Elijah aje na kitabu chake cha maneno. Walikaa kwenye baraza ya Wahome, juu ya viti vyake vya kamba. Baba alinichukua. Alitaka nione. Tulipofika, wazee walikuwa wamekwisha kunywa chai na mkate, makombo yakiwa bado kwenye ndevu. Hapo ndipo niliposikia harufu: nyuma ya nyumba palikuwa na mbuzi anachomwa. Nikamvuta baba mkono. "Ameshatoa! Mbuzi ameshachinjwa!" Baba alikwisha kuelewa kwamba mbuzi wa faini huletwa akiwa hai, kwa kamba, nyumbani kwa aliyetukanwa.

Mzee Gachoki ndiye aliyekuwa msemaji wao, mtu mwenye sauti nene na kabichi nyingi. Kabichi zake zilikwenda soko la Karatina kwa lori la Wahome. Za wenzake pia.

"Wahome," akasema, "mtu wa rika lako anasema ulimwita kihii. Ni kweli?"

"Wazee, sikutamka neno hilo. Nani alinisikia nikilitamka? Mimi niliongea Kiingereza na wageni wangu."

"Ulisema nini?"

"Nilisema boi. Ni neno la kazi tu. Mwalimu yuko hapa, mwulizeni."

Mwalimu Elijah akafungua kitabu chake. Wahome ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na mwalimu hakumtazama baba hata mara moja. Akasoma kwamba neno hilo maana yake ni mtoto wa kiume. Pia ni mwana wa mtu, hata akiwa mzee. Pia ni mtumishi wa nyumbani. Pia Waingereza huitana hivyo wakiwa marafiki, wakinywa pamoja. "Kwa hiyo lina maana nyingi," akamaliza, akifunga kitabu, "na mwenye kusema ndiye anayejua alikusudia ipi."

Mzee mmoja aliyekaa mwisho, ambaye hakuwa na shamba la kabichi, akauliza, "Na mwenye kusikia je?"

"Kitabu hakisemi habari za kusikia, mzee."

Wakacheka. Baba akasimama.

"Wahome, alfajiri ile mtoni, nilikuwa mbele yako au nyuma?"

"Mbele."

"Nilipepesa jicho?"

"Hukupepesa."

"Sawa. Mimi sijasoma kitabu cha mwalimu. Nataka jambo moja tu. Litamke tena, hapa mbele ya wazee, unitazame usoni. Litamke kwa Kiingereza hivyo hivyo. Kama ni neno la kazi, halitakuchoma mdomo."

Mafuta yalikuwa yanadondokea makaa huko nyuma, tss, tss. Wahome aliangalia chini. Nikajua tumeshinda, nikaanza kutafuta jina la mbuzi wetu. Kisha Wahome akainua macho, akamwangalia Gachoki, akawaangalia wazee mmoja mmoja. Wengine walikuwa wanachunguza kucha zao, wengine fimbo zao. Akaelewa. Akamgeukia baba, akasema polepole, bila hasira yoyote:

"Boi."

Nilingoja. Nilimwangalia Gachoki, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba mzee wa kiama akisikia neno kama hilo anapiga fimbo chini. Gachoki alikohoa. Akasema Kiingereza kimekuja na wenyewe, na hukumu yake imekwenda na wenyewe, na wao hawana kipimo chake. Akasema watu wa rika moja wasigombane sasa tukiwa na uhuru. Akasema mwenye nyumba ametayarisha kitu kidogo, watu wale, mambo yaishe.

Sinia zikaletwa. Gachoki mwenyewe alikata mbavu akamnyooshea baba. "Chukua, Kariuki. Usiwe mgumu."

"Huyo ni mbuzi wa kula," baba akasema. "Wangu bado hajaletwa."

Mtu mmoja alikuwa amenitia kipande mkononi, cha moto, chenye mfupa. Sikuwa nimekula nyama tangu Krismasi. Baba alinitazama. Nikakirudisha kwenye sinia. Tuliondoka kwa miguu kupitia kahawa, na mafuta yalibaki kwenye vidole vyangu; nilivinusa njia nzima mpaka nyumbani. Sasa mnajua kwa nini siili mbuzi.

Jumatatu shuleni walikuwa wananingoja. "Mwana wa Boi! Leta maji ya barafu!" Na aliyeongoza ni Maina, yule niliyetaka kumgawia utumbo. Tukiwa darasani mwalimu aliuliza swali la Kiingereza, na sauti kutoka nyuma ikasema, "Mwulize Boi!" Wakaanguka kwa kicheko. Mwalimu Elijah aliendelea kuandika ubaoni, na mgongo wake nao ulikuwa unatikisika. Nikamrukia Maina nikamtoa damu puani.

Mwalimu akaniandama mpaka nyumbani. Alisimama uani, karibu na kigingi, akasema nitarudi shule siku ambayo baba atakwenda kwa mwenyekiti wa kamati kuomba radhi kwa kuwapotezea wazee wakati. Akaenda zake bila kunywa uji aliopewa.

Mama akalia. "Nenda, Baba Wanjohi. Maneno mawili tu. Uyaseme urudi. Mtoto ana kichwa."

Baba aliniita, akakaa kwenye kigoda ili tuwe macho kwa macho. Hakuwa ameninyoa nywele tangu aache kazi. Akapitisha mkono kichwani mwangu kama anazipima.

"Nikienda, utakaa shule. Unaweza kuwa kama mwalimu, au kama yule Wahome. Nisipoenda, utabeba magunia. Sema wewe. Niende?"

Nilikuwa mtoto. Nilipenda kitabu kile cha picha, nilipenda harufu ya chaki. Nilimwangalia baba, na fulana yake imetoboka begani.

"Usiende," nikasema.

Hakwenda. Mimi nikaenda Karatina kubeba magunia. Nilibeba kabichi za Gachoki na viazi vya wengine, nikalala juu ya magunia hayo hayo, nikajifunza kupima kwa jicho kile ambacho wengine wanapima kwa mizani. Hayo mengine mnayaona barabarani, yamepakwa rangi na jina langu. Lori la Wahome lilipouzwa likiwa bovu, nililinunua mimi. Kila gari la mizigo nililo nalo limezaliwa na lile. Mtu akiniuliza kama nimesahau shule, humwambia nimesahau. Ni uongo. Bado najua ukurasa upi ulikuwa na yule mtoto wa kaptura na mpira.

Nilipopata pesa za kwanza za maana nilimletea baba beberu mkubwa, mweupe, asiye na doa. Nilimvuta kwa kamba kutoka barabarani ili majirani wote waone. Baba alitoka mlangoni, tayari alikuwa anatembelea fimbo. Akamzunguka beberu, akampapasa mgongo.

"Ni mbuzi haswa. Anatoka kwa nani?"

"Kwangu, baba."

"Asante, mwanangu." Akachukua kamba, akampitisha kando ya kigingi, akaenda akamfunga kwenye ua. Beberu yule hakuchinjwa. Alizeeka pale, akawa kipofu, akafa kwa uzee, na baba akamzika kama mbwa mzuri.

Wahome alitangulia kufa. Nilikwenda mazishini, nikakaa viti vya mbele kama ninavyostahili, nikasikia hotuba za wakubwa. Niliporudi nikamkuta baba uani, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Kabla hajaenda, alisema kitu?"

"Kuhusu nini, baba?"

"Basi hakusema," baba akasema. Akaingia ndani akafunga mlango. Toka siku hiyo sikumsikia akicheka kile kicheko cha tumbo, na alipokufa mwenyewe, wazee wa kuulizwa habari za neno lile walikuwa wamekwisha. Limezikwa naye likiwa bado limemkalia.

Yule kijana alikuwa bado anangoja, sururu begani.

"Mzee, tuung'oe?"

"Acheni. Chimbeni kule kwingine."

"Kumbe ni kigingi! Kilifungiwa nini hapa?"

"Mbuzi."

"Alikuwa wenu?"

"Alikuwa wa baba."

"Mlimla?"

"Hakuletwa," nikamwambia. "Chimba."